Bendi ndani ya simu: uhakiki wa iReal Pro kwa anayejifunza kupiga solo kwenye piano

Wapiga piano wengi wanaoanza kujifunza kubuni solo papo hapo hukwama mahali pamoja. Skeli, yaani noti zilizopangwa kwa ngazi, wanazijua. Kodi pia wanazijua, yaani zile noti tatu, nne au zaidi zinazopigwa kwa pamoja. Ila wakikaa peke yao mbele ya vitufe, mkono wa kulia unakimbia, wa kushoto unasubiri, na muziki unasimama kila noti inapokosewa. Solo hubuniwa huku muda unakwenda, na katika mazoezi ya peke yako muda ndio wa kwanza kutoroka.

iReal Pro ni programu ya simu, tableti na kompyuta za Mac iliyotengenezwa kuziba pengo hilo. Unaichagulia mfululizo wa kodi, mtindo na mwendo, nayo inakupigia besi, dramu na ala ya kodi kama piano au gitaa. Haichoki wala haikusubiri. Kwa kazi hiyo ni vigumu kuipita. Ila ni lazima mnunuzi ajue tangu mwanzo kwamba hii si mwalimu. Haikusikilizi, haijui kama umekosea, na haitakuambia ufanye nini kesho. Mtu akiinunua akidhani amenunua kozi, ndani ya wiki chache ataiacha na kusema haina maana.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1967 Jamey Aebersold, mpiga saksofoni na mwalimu wa jazi wa Marekani, alianza kutoa santuri zenye bendi kamili isiyo na mpiga solo. Besi iliwekwa upande mmoja wa stirio na piano upande wa pili, hivyo mwanafunzi wa piano aliweza kuizima piano ya kwenye santuri kwa kuzungusha kitufe cha redio tu na kukikalia kiti chake. Tatizo ni kwamba mwendo na ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, vilibaki vilevile vilivyorekodiwa. iReal Pro, kazi ya mpiga besi Massimo Biolcati na kampuni ya Technimo, inakuachia ubadilishe vyote viwili kwa kugusa kioo. Ulichopoteza katika mabadilishano hayo ni watu: kwenye santuri walikuwa wanamuziki wenye damu na pumzi, humu ni sauti za mashine zinazofuata ruwaza. Tutalirudia hilo.

Ukifungua wimbo wowote utaona ukurasa mmoja wenye kodi tu, kwa kawaida vipimo vinne kila mstari (kipimo ni fungu la mapigo, mara nyingi manne). Melodi haipo, maneno hayapo. Wengi hulalamikia jambo hili, lakini sababu yake ni ya kisheria: melodi ina hakimiliki, ilhali mfululizo wa kodi peke yake kwa kawaida haulindwi. Kwa anayejifunza kubuni, upungufu huu una faida. Unalazimika kuitafuta melodi kwa sikio kutoka kwenye rekodi, na melodi iliyoingia kwa sikio ndiyo inayokuokoa unapopotea katikati ya solo. Anayejua kodi bila melodi hana alama ya njia.

Alama za kodi huandikwa kwa desturi ya jazi, na huwababaisha waliozoea vitabu vya nyimbo za kanisani au za pop. Kistari cha kutoa baada ya herufi kina maana ya maina, pembetatu ndogo ni meja yenye noti ya saba, na duara lililokatwa kwa mstari ni maina ya saba ambayo noti yake ya tano imeshushwa nusu toni, yaani hadi kitufe cha jirani. Zishike hizo tatu kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, kwa sababu bendi ikishaondoka hakuna muda wa kufumbua mafumbo.

Sasa tuje kwenye matumizi, maana programu hii ni nzuri au mbovu kulingana na unavyoipanga. Jambo la kwanza kabisa kwa mpiga piano ni kufungua sehemu ya sauti na kuizima piano ya programu. Ukiiacha, zitakuwepo piano mbili eneo moja la vitufe, moja yako na moja yake, na zitagongana kila kipimo. Tena kuna hasara iliyojificha: piano ya programu inafunika mashimo ya mkono wako wa kushoto, nawe unajiona umeiva kumbe umebebwa. Baki na besi na dramu. Kama huwezi kabisa kusikia kodi zinabadilika wapi, irudishe kwa sauti ya chini sana kwa siku za mwanzo, kisha iondoe.

Wimbo wa kuanzia usiwe mgumu. Fungua ukurasa mtupu wa kuhariri uandike bluzi ya vipimo 12 katika ufunguo wa F, ile ya kawaida kabisa: F7 vipimo vinne, B flati 7 viwili, F7 viwili, C7 kimoja, B flati 7 kimoja, F7 kimoja, na C7 cha kurudisha mwanzo. Kuandika kodi ni kazi ya dakika chache, na ni afadhali uandike mwenyewe kwa sababu bluzi nyingi utakazozikuta tayari zimepambwa kwa kodi za kupitia ambazo mwanafunzi hazimhusu bado. Chagua mtindo wa swingi (mdundo wa jazi unaoyumba) ya wastani, weka mapigo 80 kwa dakika, marudio 10. Kwa mwendo huo mzunguko mmoja wa vipimo 12 una mapigo 48 na huchukua sekunde 36, kwa hiyo mizunguko 10 ni dakika sita. Inatosha kwa kikao kimoja cha jambo moja.

Mkono wa kushoto upewe noti mbili tu, chini kidogo ya C ya katikati: E flati na A juu yake. Hizo ni noti ya saba na ya tatu za F7. Mzizi, yaani F yenyewe, mwachie besi. Ndiyo kazi yake. Bendi ikifika kipimo cha tano, teremsha vidole vyote viwili nusu toni: E flati inakuwa D, A inakuwa A flati, na tayari unapiga B flati 7. Kipimo cha tisa, kutoka umbo lile la F7 panda nusu toni: E na B flati, ndiyo C7. Bluzi nzima imekaa ndani ya umbo moja linalosogea hatua moja chini na hatua moja juu. Hapa ndipo programu inapokuwa tamu, kwa sababu ukizipiga noti mbili hizo peke yako zinasikika kama zimekatwa mguu, lakini besi ikipita chini yake zinajaa na kuwa kodi kamili. Mwanafunzi anaielewa bendi kwa masikio, bila maelezo.

Mizunguko miwili ya kwanza piga mkono wa kushoto tu. Inayofuata, mkono wa kulia upige noti moja kwa kila kipimo, nayo iwe noti ya tatu ya kodi: A kwenye F7, D kwenye B flati 7, E kwenye C7. Halafu shughulikia mpaka wa kipimo cha nne na cha tano. Pigo la mwisho la kipimo cha nne liwe A, pigo la kwanza la kipimo cha tano liwe A flati. Nusu toni hiyo moja ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba kodi imebadilika, hata bendi ingezimwa. Ukishaweza kuipiga bila kukosa mizunguko mitano mfululizo, ruhusu noti tatu za mkono wa kulia: F, A flati na B flati, zote za skeli ya bluzi ya F. Tatu tu. Uhuru wa noti zote 12 ndio unaowafanya wanaoanza kupapasa, na ukibanwa kwenye noti tatu unalazimika kubuni kwa midundo, kwa kimya na kwa kurudia ulichosema kwa namna nyingine.

Kimya kinahitaji mazoezi yake. Piga vipimo viwili, nyamaza viwili, piga viwili, nyamaza viwili, huku bendi inaendelea. Ni zoezi rahisi kuliko yote na ndilo linaloumbua watu zaidi. Ukinyamaza ndipo unapogundua kama unajua uko kipimo cha ngapi au ulikuwa unafuata tu alama inayotembea kwenye kioo. Alama hiyo inayoonyesha kipimo kinachopigwa ni msaada kwa siku chache na kilema kwa miezi. Macho yakiizoea, wimbo hauingii kichwani. Baada ya siku tatu au nne na wimbo uleule, laza simu kifudifudi. Ukipotea, usisimamishe. Sikiliza besi itue mwanzo wa mzunguko, kisha ingia tena. Kurudi njiani ni ujuzi kamili unaojitegemea, na ukiwa peke yako na metronomu, kifaa kinachogonga mapigo tu, huwezi kuujifunza, kwa sababu metronomu haijui mzunguko umeanzia wapi.

Kwa waliovuka bluzi, hazina kubwa iko kwenye mipangilio ya mazoezi: unaweza kuiamuru programu ibadilishe ufunguo au iongeze mwendo kila inaporudia. Andika vipimo vinne tu vya ule mfululizo unaotawala jazi: D maina 7, G7, kisha C meja 7 vipimo viwili. Mkono wa kushoto hauruki. Anza na F na C juu yake. Ikifika G7, F inabaki na C inashuka kwenda B. Ikifika C meja 7, B inabaki na F inashuka kwenda E. Kidole kimoja kimoja, kwa zamu. Ukitaka utajiri zaidi ongeza noti na kuacha mizizi: F A C E, halafu F A B E, halafu E G B D. Besi ya programu itashika D, G na C.

Sasa iambie ibadilishe ufunguo kwa nusu toni tano kwenda juu kila marudio, na uweke marudio 12. Utapita C, F, B flati, E flati na kuendelea hadi funguo zote 12 ziishe, na kwa mapigo 80 safari yote ni dakika mbili na sekunde 24. Chagua umbali kwa makini. Ukiweka toni nzima utazunguka funguo sita tu na sita nyingine hutazigusa milele. Ukiweka nusu toni tatu utapata nne. Watu hufanya mazoezi hayo muda mrefu wakijiamini kwamba wanajua funguo zote, kumbe nusu ya piano hawajaigusa. Ukifika ufunguo unaokuangusha (mara nyingi ni F shapu na B), toka kwenye mzunguko, ufanyie kazi peke yake kwa mapigo 60, ndipo urudi.

Kuongeza mwendo kunahitaji kiasi. Kishawishi ni kuweka nyongeza ya mapigo matano kila marudio. Ukianza 80, mzunguko wa 10 utakukuta kwenye 125, na mahali fulani katikati mabega yalishapanda na vidole vilishakakamaa bila wewe kuona. Nyongeza ya mapigo mawili itakufikisha 98, na tofauti kati ya mzunguko na mzunguko haitasikika. Ishara ya kuacha ni pumzi: ukigundua umeizuia, mwendo umekushinda kwa leo.

Sasa kasoro. Kubwa ni kwamba bendi hii haina masikio. Ukipiga kwa nguvu haipandi, ukinong'ona haishuki, ukimaliza wazo lako mpiga dramu hakuitikii. Anayefanya mazoezi na iReal Pro tu hujenga tabia ya kupiga juu ya bendi badala ya kupiga pamoja nayo, na siku akikaa na wanamuziki hai hujulikana mara moja: hatazami mtu, haachi nafasi, sauti yake iko kiwango kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Dawa yake ya kiasi ni kuzima dramu kwa baadhi ya mizunguko na kubaki na besi tu, ili mdundo uubebe wewe. Dawa yenyewe hasa ni binadamu wa pili, hata awe mpiga shekere.

Kasoro ya pili ni swingi. Kwenye mwendo wa wastani, mapigo 110 hadi 180 hivi, inavumilika na mara nyingine inapendeza. Ikishuka chini ya 70 kwenye nyimbo za polepole inakuwa ya kimashine, besi inatembea kama inahesabu sarafu. Kwa nyimbo za aina hiyo ni heri kupiga juu ya rekodi halisi. Mitindo ya Kilatini, hasa bosa nova, imetengenezwa vizuri zaidi kwa sababu midundo yake yenyewe ni ya kujirudia. Wapenzi wa rumba na sebene watakatwa kiu nusu tu. Humo kodi ni chache na utamu wote uko kwenye magitaa yanavyosukana, jambo ambalo ukurasa wa kodi hauwezi kulisema.

Kurasa za kodi zenyewe nyingi huandikwa na watumiaji na kugawanwa bure, maelfu kwa maelfu. Ubora wake unapishana. Makosa ya kawaida ni meja mahali pa maina, sehemu ya kati iliyorukwa, au toleo la kodi alilolipenda mtu mmoja tu. Kabla ya kukariri wimbo, usikilize kwenye rekodi mbili huku ukurasa uko mbele yako, na mahali besi ya rekodi inapotua pasipolingana, sahihisha kwenye kihariri. Wapiga piano wanaofanya hivyo kwa nyimbo 10 hujikuta masikio yao yamepanda ngazi bila zoezi lolote la masikio.

Kuhusu vifaa, spika ya simu haifai kwa sababu besi haisikiki, na bila besi zoezi lote la noti mbili linaporomoka. Tumia spika ya nje au vipokea sauti. Ucheleweshaji wa bluetuthi huwatisha watu kuliko inavyostahili: kama bendi peke yake inapita kwenye bluetuthi na piano unaisikia moja kwa moja, utafuata unachokisikia na hakuna kitakachoharibika, isipokuwa alama ya kwenye kioo itatangulia sauti kidogo. Balaa ni pale sauti ya kinanda chako cha umeme nayo inapopitishwa kwenye bluetuthi. Kidole kinagusa sasa, noti inakuja baadaye, na mapigo hayashikiki tena. Kinanda kiende kwa waya.

Lipo suala la hamasa, na hapa programu haikubembelezi. Haina nishani, haina pointi, haina kengele ya kukukumbusha. Kwa baadhi ya watu hilo ni pungufu. Kwa maoni yetu ni heshima, kwa sababu pointi hupima siku ulizofungua programu, hazipimi ulichopiga. Ila pengo linabaki, na lazima ulizibe mwenyewe. Njia inayofanya kazi ni kujirekodi mzunguko wa mwisho wa kila kikao kwa kifaa kingine, kuandika tarehe na jina la wimbo, na kutosikiliza siku hiyohiyo. Jioni ile unasikia makosa tu. Ukisikiliza baada ya wiki moja unasikia mawazo, na ndani yake karibu kila mara kuna vipimo viwili au vitatu vya kuokota, vya kuandikwa na kupigwa katika funguo nyingine. Ukikusanya vipande hivyo, mwezi ujao una la kuanzia badala ya kukaa mbele ya piano ukijiuliza leo nipige nini, swali ambalo limewakimbiza wanafunzi wengi kuliko funguo zenye flati tano.

Muda pia una kosa lake. Bendi isiyochoka inakuvuta upige saa nzima bila kusimama, na saa hiyo huwa ni mazoea yaleyale yakizunguka. Dakika sita na bendi, kisha dakika tano bendi imezimwa ukitengeneza mahali pamoja palipoanguka, kisha dakika sita tena. Vikao vifupi vya namna hiyo vinne au vitano kwa wiki vinazaa kuliko siku moja ya kufululiza, na havikuachi umechukia ala.

Wa kuinunua ni yule anayejua kodi za noti nne walau katika funguo tatu au nne na anayeweza kuhesabu nne bila kuyumba. Asiyefika hapo atulie kwanza na metronomu na kitabu cha msingi. Anayesoma noti za klasiki tu na anataka kuanza kubuni atafaidika haraka kuliko anavyofikiri, mradi akubali kuanza na noti tatu kama mtoto. Programu hulipiwa unapoinunua, na vifurushi vya mitindo ya ziada huuzwa kando. Usivikimbilie. Mitindo inayokuja nayo inatosha kwa muda mrefu, na wakati wa kuongeza kifurushi ni pale una wimbo mahususi ambao mdundo wake haumo, na umeshaujua wimbo huo ukiwa na simu kifudifudi.